Zamu ya Maji na Heshima ya Watu

Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni

 

Leo nianze na habari ya mpwa wangu. Kijana huyu ni mzaliwa wa kwetu Upare, lakini kazi imempeleka Diani, kusini ya Mombasa, katika hoteli moja ya watalii. Alipokuja nyumbani kwa mapumziko, jioni moja alitusimulia habari za wageni wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mtu hulala kifudifudi juu ya ubao, akapiga maji kwa mikono mpaka nje kule mawimbi yanakoanza kuinuka. Hapo hungoja. Wimbi jema likija, husimama juu ya ubao na kuteleza nalo mpaka karibu na ufuko. Ni mchezo wa kale wa watu wa visiwa vya Hawaii, ukaenea duniani, na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ile iliyofanyika 2021, ulishindaniwa kwa mara ya kwanza.

Mzee mmoja jirani yetu alicheka sana. Akauliza, "Bahari yote hiyo, mwanangu, hao watu wanaweza kugombania nini?"

Kijana akajibu, "Mzee, bahari ni kubwa, lakini mahali wimbi linapoinuka vizuri ni padogo kama uwanja huu wa nyumba yako. Wimbi jema huja moja moja, na watu wanaolingoja huenda wakawa thelathini."

Basi tukataka kujua wanagawana vipi. Alituambia kwamba huko majini hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Lakini ipo kanuni, na mteleza mawimbi yeyote wa nchi yoyote anaijua: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi hilo, na wengine wote humpisha. Anayemwingilia mwenzake njiani anaweza kumpasua kichwa kwa ubao. Mgeni hukaa pembeni kwanza, akatazama wenyeji wanavyofanya, akaamkia watu, akachukua mawimbi madogo. Na anayezunguka wenzake kila mara ili ajiweke mbele, hata kama kanuni inampa haki, hushikwa na jina baya, na siku akipata shida hana wa kumkimbilia.

Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hiyo ni ndiva tu, ila ina chumvi."

Ndugu wasikilizaji, maneno ya mzee huyo ndiyo yaliyonifanya nizungumze nanyi leo. Maana sisi watu wa Same tunajua maana ya kitu kizuri kinachokuja kidogo kidogo huku wanaokingoja wakiwa wengi. Kwetu kitu hicho ni maji ya kumwagilia.

Kwa wale wasioijua wilaya yetu, niwaeleze kwa ufupi. Msafiri wa basi kati ya Dar es Salaam na Arusha hupita Hedaru, Makanya na Same mjini, naye huona mkonge, miiba, udongo mwekundu na mbuzi. Anaweza kudhani kwamba hapa hapana maji kabisa. Tambarare hizi hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, tena kwa vipindi viwili, masika na vuli, na kila kimoja kina desturi ya kukata kabla mahindi hayajabeba. Lakini msafiri huyo akiinua macho ataona milima ya Upare imevaa mawingu. Juu kabisa upo mlima Shengena, wenye urefu wa mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Huko mvua ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini. Kutoka huko vijito hushuka, vingine vikipotea mchangani kabla ya kuifikia barabara.

Wazee wetu walilitazama jambo hili kwa makini. Waliona kwamba kijito chembamba ukikielekeza shambani moja kwa moja, ardhi hukinywa njiani na mkulima wa mwisho hupata matope. Kwa hiyo wakachimba ndiva. Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa ubavuni mwa mlima, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo, na upande wa chini likaachiwa tundu linalozibwa kwa gogo, majani na udongo wa mfinyanzi. Usiku watu wamelala, kijito kinajaza ndiva. Asubuhi mwenye zamu anazibua, na maji yanatoka kwa nguvu, yanakimbia mferejini, yanafika mbali. Kijito ni kile kile, ila yale maji yaliyokuwa yakipotea usiku yamewekwa akiba.

Tazameni busara iliyomo humo. Wenye mawimbi yao wakiona mahali pamejaa watu, mpwa wangu asema, hodari wao huamka alfajiri wakati wengine wamelala. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo: waliona mchana hautoshi, wakautumia usiku.

Lakini ndiva bila zamu ni shimo la ugomvi tu. Kwa hiyo pamoja na ukuta wa mawe ulijengwa ukuta wa kanuni. Ukoo uliochimba ndiva ndio uliokuwa na kauli ya kwanza. Mgeni aliyetaka maji alikwenda kwa wazee wa ukoo huo, na kwa kawaida hakwenda mikono mitupu. Dengelua ilitangulia, maneno yakafuata. Zamu ziligawanywa kwa siku, na siku ikagawanywa kwa asubuhi na alasiri. Anayezibua nje ya zamu yake alitozwa faini. Na baragumu ikilia kwa ajili ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua tope ndivani na kufyeka mfereji, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Asiyetoa jasho hakupewa maji.

Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa dhahabu. Wanawake, ambao ndio walioshika jembe siku nyingi kuliko wanaume, kwa nadra waliitwa kwenye baraza la kugawa zamu. Wenye ukoo mkubwa walijipangia siku njema. Baada ya vijiji kuanzishwa katika miaka ya 1970, kamati zilichaguliwa na mambo hayo mengine yalirekebishwa kidogo. Hata hivyo, msingi ulibaki ule ule: maji yana zamu, na zamu ina mwenyewe.

Sasa, ndugu wasikilizaji, nisije nikaonekana kama mhubiri anayewasema wengine. Acheni nitoe aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1984, katika ule ukame ambao wengi wenu mnaukumbuka. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na baba alikuwa amenikatia kipande cha shamba upande wa juu, si mbali na ndiva. Nilikuwa nimepanda maharage. Yalikuwa yameanza kutoa maua na majani yalikuwa yakijikunja kila ifikapo saa nne. Zamu yangu ilikuwa bado siku tatu. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya mama mmoja mjane, ambaye shamba lake lilikuwa chini kabisa, mkiani mwa mfereji.

Usiku ule sikulala. Nilijiambia kwamba nikichukua kidogo hataona. Nilijiambia kwamba maharage yangu ni machache na mahindi yake yamekwisha kauka hata hivyo. Mtu anayetaka kuiba huwa wakili hodari wa nafsi yake! Saa saba hivi nikatoka, nikalegeza gogo la ndiva, nikayaelekeza maji shambani kwangu, na kabla ya jogoo la kwanza nikaziba tena.

Asubuhi yule mama alikuja na mtoto wake wa kiume wa miaka kama tisa. Alikuta ndiva nusu. Alizibua vivyo hivyo, lakini maji yalikwenda yakafia katikati ya mfereji, hayakumfikia. Hakupiga kelele. Alipanda na mfereji taratibu akitazama ardhi, mpaka akafika penye udongo uliolowa, na udongo huo ulikuwa wangu. Akasimama mpakani. Mimi nilikuwa hapo na jembe, nikijifanya napalilia.

Akaniambia, "Mwanangu, maharage yako yamekunywa vizuri." Kisha akamshika mtoto mkono, akaondoka.

Nawaambieni, angalinitukana ningepata la kujibu. Kwa maneno yale sikuwa na la kusema. Wazee wakaniita jioni ile ile. Baba yangu hakunitetea hata kwa neno moja. Alikaa akitazama chini. Nilinyang'anywa zamu mbili, zikapewa yule mama, na nikaamriwa kufyeka peke yangu sehemu ya mfereji kutoka kwenye banio mpaka ndivani. Lakini adhabu haikurudisha mahindi, kwa maana jua halikungoja baraza la wazee. Yule mama hakuvuna hata debe moja, na mwaka huo wawili kati ya watoto wake walipelekwa kwa ndugu huko Hedaru ili wapate kula.

Miaka kumi na mitatu baadaye zilikuja mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Safari hii maji yalikuwa mengi kupita kiasi. Ukuta wa ndiva ulibomoka, na udongo ukaporomoka juu ya mfereji, hasa pale kwangu. Baragumu ililia. Sisi wa juu tulikuwa nyumba tisa. Tusingeweza kuuondoa ule udongo hata kwa mwezi mzima. Waliotuokoa ni wa chini. Walipanda kwa makundi na majembe na makarai, wakafanya kazi siku sita. Na katika kundi la kwanza alikuwamo kijana mmoja mrefu, ambaye nilimtambua kwa macho ya mama yake. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee." Kisha akashika jembe akachimba udongo uliofunika shamba langu.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo wazee walikuwa wakilijua zamani. Kwenye mawimbi, aliye karibu na chanzo ndiye mwenye haki. Kwenye mfereji, aliye karibu na chanzo ndiye mwenye deni. Anaweza kuyachukua maji yote na hakuna wa kumzuia usiku. Lakini ule mfereji hauwezi kuushika peke yake. Wa chini wanayahitaji maji yanayopita kwa wa juu, na wa juu anaihitaji mikono inayotoka kwa wa chini. Heshima iliyokaa kati yao kwa miaka mingi imesimama juu ya haja hiyo ya pande mbili, wala haikuwa imeletwa na wema wa moyo peke yake.

Mambo haya hayako Upare tu. Alikuwapo mwanamke mmoja msomi wa Marekani, Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja: misitu, malisho, samaki, mifereji. Huko Nepal, katika milima mirefu kuliko yetu, yeye na wenzake waliona kwamba mifereji iliyojengwa na kuendeshwa na wakulima wenyewe, kwa mawe na miti, mara nyingi iligawa maji vizuri kuliko ile iliyojengwa na wataalamu kwa saruji. Sababu moja ilikuwa hii: banio la mawe na miti hubomolewa na mafuriko kila mwaka, kwa hiyo wa juu wanalazimika kuwaita wa chini waje kulijenga upya, na wakiwaita hawana budi kuwapa maji. Banio la saruji likija, wa juu hawana haja tena na mtu yeyote. Wanamsahau mwenzao.

Na huko Hispania, katika mji wa Valencia, kuna baraza la maji ambalo umri wake ni wa karne nyingi. Kila Alhamisi saa sita mchana, wakulima wanane waliochaguliwa na wenzao, kila mmoja kutoka mfereji wake, hukaa nje kwenye mlango wa kanisa kuu. Mwenye kesi husimama akasema kwa mdomo wake. Hakuna makaratasi, hakuna wakili, na hukumu hutolewa pale pale mbele ya watu. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwasikia, ndugu zangu? Wazungu wanaliheshimu baraza lao la mfereji mpaka dunia nzima inakwenda kulitazama, na sisi baraza letu la ndiva tunaliona ni ushamba!

Sasa hebu tuje kwenye hali ya leo. Ndiva zetu zimejaa watu. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ya Same ina watu zaidi kidogo ya 269,000. Ile ya 2022 ilikuta kama 300,000. Milima haikuongezeka. Vijito navyo, kwa macho yetu sisi tuliozaliwa hapa, vimepungua. Na mazao yamebadilika. Zamani tuliyamwagilia mahindi na maharage ili tule. Leo kuna tangawizi ya Mamba, kuna nyanya, vitunguu na kabichi za kwenda mjini, mazao ya fedha yasiyojua kungoja. Kuna watu wanaokodi mashamba kwa msimu mmoja, wanavuna, wanaondoka, wala hawaijui sauti ya baragumu. Kuna mabanio na ndiva zilizojengwa upya kwa saruji kwa msaada wa miradi, na tunashukuru, kwa sababu havivuji kama zamani. Na zipo mashine za kusukuma maji. Mtu anatupa mpira wake ndani ya kijito, juu kabisa ya banio, anawasha injini, na kwa saa tatu amekunywa zamu ya watu kumi.

Kijijini kwetu tulikuwa na mkutano juu ya mashine hizo. Wa chini walikuja wamekasirika, wengine na fimbo. Kijana mmoja wa juu akasimama akasema, "Maji hayana jina la mtu. Mwenye mashine na anywe." Watu wakaguna. Mimi niliinamisha kichwa kama alivyoinamisha baba yangu mwaka 1984, kwa sababu kijana huyo ni mwanangu wa kumzaa.

Usiku ule tulizungumza naye. Akaniambia, "Baba, nimekopa fedha za mbegu na mbolea. Tangawizi haisubiri zamu, na mwenye mkopo hasubiri tangawizi." Msidhani maneno hayo ni ya upuuzi; yana uzito. Sikumpiga wala sikumlaani. Nilimsimulia habari ya maharage yangu. Hakuwa ameijua, kwa kuwa sikuwa nimemwambia kamwe. Nadhani hilo lilikuwa kosa langu la pili. Sisi wazee tunawarithisha watoto mashamba na kuwaficha aibu zilizotufundisha kuyalima.

Kamati iliamua baada ya mikutano mitatu. Mashine hazikupigwa marufuku. Zimewekewa zamu kama gogo la ndiva lilivyo na zamu: mwenye mashine huiwasha siku yake tu, na anachokisukuma huhesabiwa katika mgao wake. Mwenye kukodi shamba hatambuliwi mpaka aandikishwe kwa kamati na atoe mtu wa msaragambo. Mwanangu alinung'unika, lakini alitia sahihi. Kama ataishika sahihi yake wakati wa jua kali, mimi na yeye tutajua. Baba yangu hakuweza kunilinda usiku ule, na mimi siwezi kulala kwenye banio kila usiku nikimlinda mtu mzima.

Wapo watakaosema, "Mbona sheria ipo?" Ni kweli, ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya kunywa na ya nyumbani, kisha yale ya kuuacha mto uendelee kuishi, ndipo yafuate mashamba na viwanda. Inaruhusu watumia maji waunde jumuiya zao. Ipo pia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambalo sisi tumo ndani yake. Haya yote ni mambo mema, na kila kamati ya ndiva ambayo haijajiandikisha na ifanye hivyo, ili kauli yake iwe na nguvu mbele ya mtu mwenye fedha. Kadhalika mradi mkubwa wa maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe, ambao ulizinduliwa 2025 baada ya kungojewa kwa miaka mingi, unaweza kutupunguzia mashindano ya maji ya nyumbani. Lakini hakuna bomba litakalomwagilia maharage ya kila mtu mlimani. Na hakuna ofisi inayoweza kuweka askari kwenye kila ndiva saa saba za usiku. Saa hiyo huwapo watu wawili tu: mwenye jembe na dhamiri yake.

Kwa hiyo nina maneno manne ya kuwaachia.

La kwanza ni kwa wa juu. Msipime haki yenu kwa ukaribu wa chanzo. Kuwa karibu na chanzo ni bahati ya kuzaliwa, au ya baba kukukatia shamba. Kabla hujafungua, tazama chini mferejini ujiulize leo ni siku ya nani. Heshima si utumwa, na kumpisha mwenzako hakukuondolei uanaume wako.

La pili ni kwa wa chini. Msiache kupanda kwenye msaragambo, hata pale banio likiwa la saruji. Najua wengi sasa mnasema, "Tulipe shilingi kadhaa, kazi ifanywe na kibarua." Fedha italipa kibarua, lakini haitakufanya ujulikane. Mtu akikujua kwa jina, akishika na wewe karai moja la udongo, inakuwa vigumu kuiba zamu yako. Fimbo mliyokuja nayo mkutanoni haitawapa maji. Majembe yenu yatawapa.

La tatu ni kwa wageni na wakodishaji. Kama yule mteleza mawimbi mwenye adabu, kaeni pembeni kwanza. Ulizeni zamu zinakwendaje. Salimieni watu. Mkishindwa hata kujua jina la mwenyekiti wa ndiva, mnakunywa maji ya wizi hata kama mmelipa kodi ya shamba.

La nne ni kwa kamati. Gaweni mbele ya watu, mchana, kwa sauti inayosikika, kama wale wa Valencia. Waiteni akina mama barazani, maana wao ndio wanaojua ni mfereji gani umekauka. Zamu iliyoandikwa katika daftari linalofichwa ndani ya nyumba ya katibu si zamu, ni biashara. Na mnapomtoza mtu faini, fanyeni kama wazee walivyonifanyia mimi: aliyeumia apewe, mfereji ufaidike, na mkosaji aachiwe njia ya kurudi kwa wenzake. Laiti wangalinifukuza kabisa kwenye ndiva, nisingekuwa hapa leo kuwasimulia; ningekuwa adui yao mpaka kesho.

Ndugu wasikilizaji, yule mama mjane alikwisha fariki dunia, Mungu amlaze pema. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Nilimpelekea debe la mahindi mwaka uliofuata, akalipokea, akanishukuru kama vile halikuwa deni. Shamba lake sasa linalimwa na mwanawe, yule aliyeshika jembe wakati wa El Nino. Zamu yake ni Jumatano. Jumatano alfajiri, nikiwa na afya, mimi hupita ndivani kuhakikisha kwamba imejaa. Hakuna aliyenituma, wala kijana mwenyewe hajui kwamba nafanya hivyo. Pengine leo amesikia redioni.

Mpwa wangu amekwisha rudi Diani kwenye mawimbi yake. Kabla hajaondoka, yule mzee jirani alimpa ujumbe awapelekee wale wageni wenye mbao: kwamba wakipata nafasi waje Upare, tutawaonyesha wimbi letu. Ni dogo, huja mara moja kwa siku, na hulingoja kijiji kizima.